Kujua Pa Kusimama

Mota ya waipa kwa kawaida huzunguka upande mmoja tu. Waipa huenda na kurudi juu ya kioo kwa sababu ya mkono mfupi wa chuma uliofungwa kwenye mota, ukisaidiwa na vyuma vyembamba, yaani linki, vinavyougeuza mzunguko kuwa mwendo wa huku na huku. Ndani ya mota, gia hupunguza mbio na kuongeza nguvu. Lakini ninachokistahi zaidi humo ni kisahani cha shaba chenye pengo dogo, kinachozunguka pamoja na gia. Dereva akizima swichi waipa zikiwa katikati ya kioo, umeme huendelea kupitia kwenye shaba ile mpaka pengo lifike. Hapo ndipo mota hukatiwa umeme, nazo waipa zimekwisha kulala mahali pake.

Mary Anderson wa Alabama, Marekani, aliyepewa hataza ya kifaa chake mwaka 1903, hakuhitaji ujanja huo. Dereva alivuta wenzo kwa mkono akiwa ndani ya gari, na mkono wa mtu unajua pa kukomea. Umeme ulipoirithi kazi hiyo, ilibidi ufundishwe kusimama.

Anayebadilisha mota hiyo nyumbani, gari likiwa chini ya mwarobaini na spana zimepangwa juu ya gazeti, hufundishwa hivyo hivyo.

Husimama kwanza kabla ya kununua. Waipa zikigoma wakati wa masika, mkazi wa Dar es Salaam hushawishika kukimbilia maduka ya mtaa wa Gerezani kutafuta spea. Mwenye subira huanza na fyuzi. Kisha hupima plagi ya mota kwa mita, swichi ikiwa imewashwa. Umeme ukifika, waya wa kurudisha umeme kwenye bodi ukiwa mzima, na mota bado kimya, basi mota ina kesi ya kujibu. Umeme usipofika, mota mpya itakaa kimya vilevile.

Husimama tena kabla ya kufungua nati, akabandika selotepu juu ya kioo kuonyesha waipa zinapolala. Meno ya ekseli zinazoshika mikono ya waipa ni madogo. Ukikosea hata jino moja au mawili, waipa itagonga fremu au itaacha ukanda wa maji usiofutwa. Mkono wa waipa ukiwa umeganda kwa kutu, nyundo haina kazi hapo: ni mafuta ya kulegeza, kuutikisa taratibu, na kungoja.

Chini ya kava la plastiki, kwenye kitako cha kioo, ndipo gari husimulia maisha yake. Majani ya mwarobaini yamejazana, tundu la kutolea maji limeziba, na mota imeshinda ndani ya dimbwi. Asiyezibua tundu hilo atanunua mota nyingine. Hapo pia huzitenganisha zile linki na mota, akazisukuma kwa mkono. Zikiwa nzito, bushi zimekauka, na pengine ndizo zilizoichosha mota ya kwanza.

Kisha huja hatua ninayoipenda kuliko zote. Kabla ya kuufunga ule mkono mfupi kwenye mota mpya, huichomeka plagi, akawasha swichi, akazima, akaiacha mota itue yenyewe. Hiyo ndiyo nukta yake ya kupumzikia, na mkono hufungwa kwa kuifuata hiyo. Anayeiruka hatua hii anaweza kupata waipa zinazofanya kazi vizuri lakini zinazolala katikati ya kioo, mbele ya macho yake.

Gereji ingeimaliza kazi hii mapema zaidi, na sina ubishi na gereji. Ila fundi wa gereji ana foleni ya magari, na foleni hula vituo vidogo vya namna hii kwanza: selotepu, tundu la maji, linki zinazosukumwa kwa mkono. Nyumbani hakuna anayesubiri nyuma. Anayeshika spana ndiye atakayeshika usukani mvua ikinyesha usiku, kwa hiyo kila kituo kina faida kwake mwenyewe. Wengi huusifu wepesi wa mikono ya fundi. Mimi humpima kwa mara anazoiondoa mikono hiyo kwenye kazi, akatazama, kabla ya kukaza nati ya mwisho.