Mamba Muntu ukutani: ukumbusho au dawa?

Wahakiki wengi wa sanaa ya Katanga na Kasai wamezoea kutia katika kapu moja kila sanamu na kila picha inayogusa mambo ya roho, na kapu hilo huliita uganga. Mazoea hayo yanaficha tofauti kubwa.

Nkishi wa Wasongye huchongwa na fundi, lakini fundi amalizapo kazi yake, alicho nacho mkononi ni mti tu. Nguvu huingia pale mganga anapotia bishimba, yaani makucha, nywele, udongo wa kaburini na vingine, tumboni mwa sanamu au katika pembe iliyochomekwa kichwani. Basi chenye kutenda ni kile kisichoonekana. Uso unaosifiwa sana katika makumbusho ya Ulaya ni nyumba ya kitu kingine, na baadhi ya nyumba hizo zilifika huko zikiwa tupu.

Picha ya mamba muntu ni kinyume chake. Wachoraji wa Lubumbashi waliichora kwa wingi katika miaka ya 1970, mara nyingi juu ya kitambaa cha magunia ya unga: mwanamke mwenye ngozi nyeupe na mkia wa samaki, nywele ndefu, saa mkononi, nyoka kando yake. (Saa ile, bila shaka, haikutoka mtoni.) Ndani yake hakuna kilichofichwa. Haikungoja mkono wa mganga. Iliuzwa, ikatundikwa sebuleni mbele ya wageni. Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian, katika makala yao ya mwaka 1976, walionyesha kwamba wenye picha hizo waliziita ukumbusho. Neno hilo tungelipima kabla ya kuleta maneno yetu.

Kisa chenyewe chajulikana. Mtu huokota unywele au kitana cha mamba muntu. Usiku mwenye mali humjia ndotoni kukidai, akimwahidi utajiri kwa sharti la kunyamaza. Picha haifungi mapatano hayo, bali huyasimulia, tena katika mji wa migodi ambamo kila mtu aliujua mshahara wa jirani yake na kushangaa nyumba yake ilivyopanda. Huenda mwenye picha alitamani bahati ile. Lakini kutamani si kutia bishimba.

Makanisa ya maombi yalipoenea, mamba muntu alihubiriwa kuwa shetani, na picha zake zikaondolewa kwenye kuta. Mhubiri aliyeamuru hivyo na mwandishi wa orodha ya makumbusho aiwekaye picha hiyo chini ya kichwa "uchawi" hawafanani kwa lolote, ila wote wawili wameisoma kana kwamba ni nkishi. Wala hakuna kati yao aliyemwuliza mwenye nyumba ilikuwa ikimkumbusha nini.