Draivu ya 1541 Inavyosoma

Ukiandika LOAD "BARUA",8 kwenye Commodore 64 na kubonyeza RETURN, kompyuta haigusi disketi. Hata haijui faili limekaa wapi. Inaita kifaa namba 8 kwenye waya, inakitajia jina, inasubiri. Kazi iliyobaki yote ni ya draivu ya 1541, iliyotoka mwaka 1982, ambayo nayo ni kompyuta kamili: ina prosesa ya 6502, kumbukumbu ya kilobaiti 2 na programu ya kilobaiti 16 iliyohifadhiwa ndani yake daima.

Baadhi ya draivu za Commodore zilizotangulia, kama 4040, zilikuwa na prosesa mbili: moja ya kuzungumza na kompyuta, nyingine ya kuendesha mota na kichwa cha kusomea. Kwenye 1541 kazi zote mbili zinafanywa na prosesa moja, kama mama ntilie asiye na msaidizi, anayepokea agizo mbele kisha akaingia jikoni kulipika. Na agizo lenyewe ni namba tu. Sehemu ya programu inayopokea maombi huandika 128, yaani "soma", katika nafasi moja ya kumbukumbu, huweka namba ya njia, yaani duara mojawapo la disketi, na ya sekta, yaani kipande cha duara hilo, mahali pake, kisha hubaki ikiikagua ile nafasi. Mara kwa mara saa ya ndani huikatiza prosesa. Hapo ndipo inapogeuka kuwa msimamizi wa mota, inaikuta 128, inaanza kazi. Ikimaliza salama, mahali pa 128 inaandika 1.

Njia ziko 35, na orodha ya mafaili iko kwenye ya 18, katikati, ili kichwa kisilazimike kwenda mbali kutoka upande wowote. Kichwa kikishafika, disketi inazunguka mara 300 kwa dakika na draivu inasubiri alama ya mwanzo: biti za 1 kumi au zaidi mfululizo. Data haiwezi kufanana na alama hiyo hata kwa bahati mbaya. Kila biti 4 zimeandikwa kwa biti 5 zilizochaguliwa kwa uangalifu, hata 1 hazizidi nane mfululizo wala sifuri hazizidi mbili.

Baada ya alama huja kichwa cha habari cha sekta, chenye namba yake na ya njia. Mtu angetarajia draivu isome, ifasiri, kisha ilinganishe. Muda huo haupo: kwenye njia za nje baiti mpya inafika kila baada ya maikrosekunde 26. Kwa hiyo, kabla ya kusikiliza, draivu hujitengenezea nakala ya kichwa cha habari inachokitafuta, ikiwa tayari katika zile biti tano tano, na kulinganisha baiti kwa baiti bila kufasiri chochote. Kwangu mimi huu ndio ufundi wenyewe: kazi nzito imetangulizwa wakati wa nafasi, ili wakati wa haraka ubaki na jambo jepesi. Isipolingana, inasubiri sekta inayofuata, na itajaribu hadi mara 90 kabla ya kukata tamaa.

Hata kusubiri kwenyewe kumepunguzwa hadi mwisho. Ishara ya "baiti imefika" imeunganishwa moja kwa moja na mguu wa prosesa unaowasha bendera ya kufurika kwa hesabu. Amri moja inajizunguka yenyewe hadi bendera iwake, basi.

Sekta ya baiti 256 inaingia kumbukumbuni ikiwa baiti 325. Ndipo inapofasiriwa, na jumla ya kuhakiki ikakaguliwa. Ikikosea, draivu inarudia, inasogeza kichwa nusu njia huku na huku, na mwisho inakirudisha hadi kigonge kizuizi ili ianze kuhesabu upya, kwa kuwa haina kihisi cha kuionyesha kichwa kilipo. Ule mlio wa kugonga ulioogofya wengi ni draivu inayokataa kukuletea data isiyoiamini.

Watu huilaumu kwa ucheleweshaji, na ni kweli kwamba baiti zilipita kwenye waya takribani 400 tu kwa sekunde. Lakini mzunguko mmoja wa disketi, yaani sehemu ya tano ya sekunde, hupitisha njia nzima ya sekta 21 mbele ya kichwa. Uzito ulikuwa kwenye waya. Wewe unayejifunza kuandika programu, tafuta kitabu cha Immers na Neufeld cha mwaka 1984, Inside Commodore DOS, usome amri baada ya amri jinsi sekta moja inavyosomwa.