Yungiyungi la Mtaroni: Jinsi Mmea Tasa Ulivyoshika Ardhi ya Majimaji

Mwezi wa Julai, kando ya barabara nyingi za mashariki mwa Marekani, kingo za mitaro huwaka maua ya rangi ya chungwa. Mmea huo ni Hemerocallis fulva, yungiyungi la siku moja, na asili yake ni Asia ya Mashariki. Ua moja hufunguka asubuhi na kunyauka usiku, lakini kila bua hubeba matumba yanayopokezana kwa wiki kadhaa. Hakuna anayeupalilia, wala anayeutia mbolea, na bado umestawi humo kizazi baada ya kizazi. Cha kushangaza zaidi, aina iliyoenea huko ni tasa, karibu haitoi mbegu kabisa. Anayetaka bustani ya ardhi yenye unyevu, iliyoachiwa nusu yake iwe mwitu, aanze kwa kuusoma mtaro huo.

Aliyeufumbua utasa wake ni Arlow Burdette Stout, mtaalamu wa mimea aliyejiunga na New York Botanical Garden mwaka 1911. Kila alipochavusha ua kwa chavua ya mmea huohuo, hakupata mbegu. Akauchunguza, akauita 'Europa', na mwaka 1932 akachapisha hesabu za kromosomu za jenasi nzima. Mayungiyungi ya kawaida ya jamii hii yana kromosomu 22, yaani seti mbili za 11. 'Europa' ina 33. Seti tatu haziwezi kugawanyika sawasawa wakati wa kuunda chavua na yai, kwa hiyo mbegu hazitungi. Chavua yake, hata hivyo, haikuwa imekufa yote, na Stout aliitumia kuzalisha machotara mapya.

Matokeo ya hesabu hiyo ni makubwa. Mashada ya 'Europa' yaliyotapakaa mitaroni ni vipande vya mmea mmoja. Walowezi waliuleta kutoka Ulaya, ambako ulijulikana tangu karne ya 16, wakapeana vipande kwa majirani, na vilivyozidi wakavitupa nje ya ua. Kilichotupwa kiliota. Chini ya udongo mmea huu hutoa mashina yanayotambaa kama tangawizi, na kipande kidogo chenye chipukizi kinatosha kuanzisha shada jipya. Mtunza bustani apate funzo hapa: mbegu hazihitajiki. Panda vipande, na uwe mwangalifu kuhusu mahali unapovitupa vingine.

Sasa angalia mmea umesimama wapi hasa. Chini kabisa, maji yalikotuama, kuna matete. Yungiyungi limeshika bega la mtaro, mahali ambapo maji ya mvua hupita, huloweka udongo, kisha huondoka. Mizizi yake ni minene na sehemu zake zimevimba kwa akiba ya maji na chakula, ndiyo maana huvumilia ukame wa wiki chache na pia mafuriko ya muda mfupi. Sehemu dhaifu ni shingo ya mmea, pale majani yanapokutana na mizizi. Ikikaa ndani ya maji yaliyotuama, hasa wakati wa baridi kali, huoza. Watu wengi husikia neno unyevu wakachimba shimo kwenye tope. Kipimo ni rahisi: chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, rudi kesho yake. Maji yakiwa bado yamesimama, panda juu ya tuta au tafuta mahali pengine.

Beth Chatto alilielewa jambo hili vizuri kuliko wengi. Kuanzia mwaka 1960 alitengeneza bustani huko Essex, moja ya pande kavu zaidi za Uingereza, lakini bondeni palikuwa na mtaro uliolishwa na chemchemi. Aliuziba na kupata mabwawa, kisha akapanga mimea kwa kufuata jinsi udongo ulivyokuwa mkavu au mbichi. Kitabu chake The Damp Garden kilitoka mwaka 1982, na hadi leo sijaona maelezo bora kuhusu kazi ya namna hii. Kabla yake, mwaka 1870, William Robinson alitoa The Wild Garden, akitaka mimea sugu ya kigeni iwekwe mahali ambapo ingeendelea yenyewe bila kuhudumiwa. Wengi wameisoma hoja hiyo kama ruhusa ya kutofanya kazi. Mimi naisoma tofauti: kazi ipo, ila hufanyika karibu yote kabla ya kupanda na katika msimu wa kwanza.

Adui mkubwa ni nyasi za kudumu. Udongo mbichi wenye rutuba huzilisha vizuri zaidi kuliko unavyolisha maua, na shada changa lenye majani machache haliwezi kuzishinda. Ng'oa mizizi yake yote kwa jembe uma, ikibidi ukitumia msimu mzima. Hapo ndipo upande, shingo ikiwa kama sentimita mbili na nusu chini ya uso wa udongo, na nafasi ya sentimita 45 hadi 60 kati ya mche na mche. Tandaza majani makavu bila kuirundikia shingo. Mbolea yenye naitrojeni nyingi iache, kwa sababu utapata majani tele na maua haba. Maji yana umuhimu mkubwa wakati matumba yanapoundwa. Ukame wa kipindi hicho hupunguza idadi yake waziwazi. Mashada yakishakomaa, majani yake huchipua mapema, hujipinda na kufunika ardhi kabla magugu mengi hayajaamka. Tangu hapo mmea hujipalilia wenyewe.

Unyevu una upande wake mbaya, nao ni kutu ya majani. Kuvu anayeisababisha, Puccinia hemerocallidis, aligunduliwa Marekani mwaka 2000, na huhitaji jani lililolowa kwa saa kadhaa ili aingie. Lakini hudumu juu ya majani hai tu. Aina sugu ambazo majani yake hufa kabisa wakati wa baridi humnyima makazi, hivyo penye baridi kali huanza kila mwaka zikiwa safi. Aina za kijani mwaka mzima hazina kinga hiyo. Ndiyo sababu ningechagua zile zinazolala.

Kwa hoja hiyohiyo, sioni faida ya kuzilazimisha aina hizo zikae Mombasa au Dar es Salaam, zisikopata usingizi wa baridi. Wenye vijito vya nyanda za juu za Kenya, Uganda na Tanzania wana ndugu wa familia hiyohiyo, Kniphofia thomsonii, anayeota mwenyewe katika ardhi mbichi ya milimani.

Limebaki suala la mipaka. Katika majimbo kadhaa ya Marekani 'Europa' sasa huhesabiwa kuwa mmea vamizi, kwa maana mashada yake mazito huisonga mimea ya asili, na mafuriko hubeba vipande vya mizizi kuelekea chini ya mto. Nisingeipanda kando ya kijito kinachotoka nje ya shamba langu. Ningeiweka mahali palipozungukwa na nyasi zinazofyekwa, na sehemu ya karibu na maji ningempa Hemerocallis citrina, wa manjano hafifu, anayefunguka jioni na kunukia usiku. Huyo hukaa shada moja badala ya kutambaa, na matumba yake, yakikaushwa, ni mboga ya siku nyingi nchini China.