Akiba ya Kesho

Katika kazi zote za kalamu, riwaya ndefu ndiyo inayomdai mtu mwili mzima. Shairi laweza kukamilika usiku mmoja, na hadithi fupi ikaisha kwa juma moja la moto. Riwaya haina huruma hiyo. Mwandishi hurudi mezani asubuhi baada ya asubuhi, mwaka mzima na zaidi, akiwabeba kichwani watu wote aliowaumba na kila neno walilokwisha kusema. Ndiyo maana namheshimu sana Haruki Murakami wa Japani, tena kwa jambo ambalo wasomaji wake wengi hulipita haraka ili wafike kwenye paka na visima vya hadithi zake: ameusomesha mwili wake kazi ya uandishi.

Alianza kwa njia waliyoipita wengi. Yeye na mkewe walikuwa na baa ya muziki wa jazi jijini Tokyo, na riwaya yake ya kwanza, iliyotoka 1979, aliiandika usiku wa manane kwenye meza ya jikoni, baa ikishafungwa. Ya pili vilevile. Zote mbili ni fupi, za vipande vipande, na si ajabu, kwa kuwa muda wake wenyewe ulikuwa wa vipande. Alitaka kuandika kitu kirefu zaidi, akaiuza baa 1981.

Sasa alikuwa na siku nzima mbele yake, na mara tatizo jingine likajitokeza. Kukaa kitini kutwa kulimnenepesha, na sigara zilifika 60 kwa siku. Alikuwa na miaka 33 alipoanza kukimbia, mwaka 1982. Alichagua mbio kwa sababu hazihitaji mwenzako wala uwanja maalumu, ila viatu na barabara. Mwanzoni dakika 20 au 30 zilitosha kummaliza pumzi. Mwaka uliofuata, mwezi wa Julai, alikimbia peke yake kutoka Athens hadi mji wa Marathon, karibu kilomita 40 chini ya jua la kiangazi cha Ugiriki. Desemba ya mwaka huohuo akamaliza marathoni yake ya kwanza rasmi, ya Honolulu.

Hakuwahi kuwa mkimbiaji wa kushindana. Mbio hizohizo za Honolulu Mkenya Ibrahim Hussein alizishinda mara tatu mfululizo, 1985 hadi 1987. Murakami, hata katika miaka yake bora, marathoni ilimchukua kama saa tatu na nusu. Lakini alimaliza, na kesho kutwa alikuwa barabarani tena.

Siku yake anapoandika riwaya ameieleza mara nyingi. Huamka saa kumi alfajiri na kuandika kwa saa tano au sita. Baadaye hukimbia kilomita 10, au huogelea mita 1,500, au hufanya yote mawili. Kisha husoma na kusikiliza muziki. Saa tatu usiku yumo kitandani. Ratiba hiyo haibadiliki kwa miezi sita, pengine mwaka, na mswada wa kwanza ukishakwisha huanza kazi ya kuuandika upya, ambayo huweza kuchukua muda mrefu kuliko ule wa kwanza.

Kipimo chake cha siku ni kurasa kumi za karatasi ya Kijapani yenye miraba 400. Siku ambayo maneno yanagoma, hujikaza mpaka zitimie kumi. Siku ambayo yanamiminika, na hapa ndipo ninapomvulia kofia, hufika ukurasa wa kumi akasimama. Sentensi inayofuata anaijua, hamu anayo, mkono haujachoka, naye anaweka kalamu chini. Kila aliyewahi kuandika anajua uchungu wa kuacha saa kama hiyo. Wengi wetu tungeendelea hadi usiku wa manane tukiogopa kwamba neema haitarudi, na kesho yake tungekaa mbele ya karatasi tupu tukiwa tumekaukiwa.

Ujasiri huo wa kuacha alijifunza miguuni. Barabarani pia hukatiza mbio akiwa bado anahisi angeweza kuendelea, ili kesho mwili uanze bila kusukumwa. Na kwa upande wa pili hapumziki siku mbili mfululizo, kwa kuwa anaamini msuli ni kama punda wa kazi: ukimwongezea mzigo kidogo kidogo atauzoea, ukimwachia siku nyingi atadhani kazi imekwisha. Mtu aliyeishi na kanuni hiyo miaka mingi katika miguu yake haitilii shaka anapoketi mezani.

Watu hudhani mwandishi hukimbia ili mawazo yamjie. Wapo wanaoona hivyo. Mmarekani Joyce Carol Oates aliandika 1999 jinsi akili yake inavyokimbia pamoja na miguu, na jinsi mafundo ya hadithi yanavyofunguka njiani. Murakami hudai kwamba akikimbia hafikirii jambo lolote la maana. Anautafuta utupu wenyewe. Namwamini, na naona ndiyo faida kubwa zaidi: wazo likipotea laweza kupatikana kwingine, ila nguvu ya kurudi kwa watu walewale wa hadithi siku ya 200, kwa utulivu uleule wa siku ya kwanza, haipatikani kwa kungoja.

Mara moja aliivunja wazi kabisa kanuni yake ya kuacha kabla ya kuchoka. Mwaka 1996, kando ya Ziwa Saroma kisiwani Hokkaido, alikimbia kilomita 100 kwa muda wa saa 11 na dakika 42. Alimaliza bila kutembea hata hatua moja. Alichokipata baada ya hapo si furaha. Hamu ya kukimbia ilimtoka, na ilikaa mbali naye kwa miaka. Hakuilazimisha. Alipunguza umbali, akaongeza kuogelea na baiskeli, akashiriki mashindano ya triathloni. Kufikia 2005 alikuwa akijiandaa tena kwa marathoni ya New York, na katika majira hayohayo ya mazoezi ndipo alipoanza kuandika, sura baada ya sura, kitabu chake juu ya kukimbia, kilichotoka 2007.