Mbono kaburi na hoja isiyopimwa

Ukosoaji na kujikosoa ni silaha ya Chama. Katika makala haya tunaikosoa hoja iliyovuma nchini katika miaka ya 2005 hadi 2010: kwamba mkulima mdogo wa maeneo makavu apande mbono kaburi, auze mbegu zitengenezwe mafuta ya magari, na kwa njia hiyo ajikwamue. Hoja hiyo haikuenezwa na makampuni peke yake. Nasi wenye kazi ya kuelimisha umma tuliirudia madarasani na vijijini bila kuipima.

Kwanza, ilisemwa kuwa mbono hustahimili ukame. Hilo ni kweli. Lakini kustahimili ni jambo moja na kuzaa ni jambo jingine. Mvua ikikosekana, mbono hupukutisha majani ili usife. Ili uzae mbegu za kutosha unataka maji na rutuba, yaani vitu vile vile vinavyotakiwa na mtama na mahindi. Tena matunda yake hayaivi kwa pamoja, na huchumwa kwa mkono. Lita moja ya mafuta hutaka kilo nne hivi za mbegu. Je, jasho hilo lilihesabiwa na nani? Mwaka 2009 utafiti uliofanywa Kenya ulionyesha kuwa mavuno ya wakulima wadogo yalikuwa haba mno, ukashauri mbono upandwe kama ua tu.

Pili, bei haikuwa mikononi mwa mkulima. Julai 2008 pipa la mafuta ghafi lilifikia dola 147 hivi. Desemba mwaka huo huo lilishuka chini ya dola 40. Mbono huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa vizuri. Mkulima aliisubiri miti yake, lakini bei haikumsubiri yeye.

Tatu, tuliyadharau maarifa ya wakulima wenyewe. Wazee waliupanda mbono makaburini na mipakani kwa sababu mifugo haiuli. Hawakuupa nafasi ya chakula shambani. Kule Monduli, akina mama waliotengeneza sabuni kwa mbegu za mbono walijipatia fedha kutokana na ua uliokwisha kuwapo. Hapo ndipo ulipokuwa mwanzo sahihi.

Kosa hili si geni. Mwaka 1947 wakoloni walianza mradi wa karanga Kongwa bila kuujua vema udongo na mvua za Ugogo, na mwaka 1951 waliuacha. Hata hivyo, hasara kubwa ya fedha za Kongwa iliiangukia hazina ya Uingereza. Hasara ya mbono iliiangukia kaya.

Wako watakaosema kuwa taifa linahitaji nishati yake lenyewe. Tunakubali. Lakini kujitegemea hakuwezi kujengwa kwa kumfanya mkulima ategemee bei inayopangwa ng'ambo, huku ghala lake likiwa tupu.

Kwa hiyo, kada anapoletewa zao jipya aulize: Mavuno yake yamepimwa hapa hapa, au kwingine? Nani atanunua, na bei imeandikwa wapi? Mvua ikikosekana, nani atabeba hasara? Asiyepata majibu ya maswali hayo asipande jukwaani kuwahimiza wenzake wapande shambani.