Heko, Mafundi wa Kilti

Heko mafundi wa Uskoti wanaoshona kilti, ile sketi ya marinda ya wanaume! Mteja yuko Toronto, fundi yuko Edinburgh, na vazi linamkaa kama aliyepimwa dukani. Siri ni maswali yao. Saizi ya suruali hawaitaki, kwani kilti hufungwa juu zaidi, usawa wa kitovu. Wanataka kiuno, nyonga pale palipojaa, na urefu hadi gotini. Tena upimwe na mwenzako: ukiinama mwenyewe kusoma futikamba, kipimo kimeshaharibika. Wana haki ya kusisitiza. Yadi 8 za sufu zikishakunjwa marinda na kushonwa kwa mkono, kosa la inchi 2 halifichiki. Mafundi, mikono yenu isichoke!