Moyo mpya, sukari ileile: tusirukie hitimisho

Hebu fikiria: unachukua moyo wa mtu asiye na kisukari, unampandikizia mwenye kisukari, kisha unaangalia utabadilikaje. Hakuna atakayekuruhusu kufanya hivyo kwa udadisi tu, lakini upandikizaji hulifanya jaribio hilo bila kukusudia. Hata Louis Washkansky, mtu wa kwanza kupandikizwa moyo wa binadamu mwenzake, Cape Town mwaka 1967, alikuwa na kisukari.

Ndiyo maana nazipenda tafiti za vipande vya nyama ya mioyo hii. Zimeonyesha mafuta yakijikusanya ndani ya seli za moyo kwa wenye kisukari. Kwamba mwili unaubadilisha moyo mgeni, sina ubishi.

Ubishi wangu ni pale tunaposema moja kwa moja kwamba sukari ndiyo mchawi. Wengi wa wagonjwa hawa humeza takrolimasi na steroidi ili mwili usiukatae moyo, na dawa hizohizo hupandisha sukari. Halafu kipande chenyewe ni cha milimita chache, tena kwa kawaida hutolewa upande wa kulia. Unaosukuma damu mwili mzima ni wa kushoto.

Na wanaotumia metfomini wakikutwa na mafuta kidogo? Sawa, ila nani aliwapa? Daktari, siyo kura. Mwenye figo mbovu hapewi, kwa hiyo pengine walianza wakiwa wazima zaidi.

Tafiti hizi tusizitupe. Zinatuambia pa kutafuta. Aliyefanya kosa bado hatujamkamata.